Lesoni ya 7: Kalamu Mkononi mwa Kijana

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mhubiri 12:9-12, 2 Timotheo 4:9-13, Danieli 1:3-17, Waamuzi 9:7-21, 2 Samweli 12:1-13, Yeremia 36, Yeremia 45, Luka 1:1-4, Luka 13:1-5.

Fungu la kukariri: Mhubiri 12:10. Lisome katika Biblia yako ya Kiswahili, kisha katika lugha ya nyumbani kwenu ikiwa tafsiri ipo.

Katika kata ya Gehandu, kwenye nyanda za juu za Mbulu, iko kazi ambayo kijana anaweza kuifanya usiku bila kumwambia mtu. Mchana amelima, amechunga au amepura maharage. Ng'ombe wakishaingia zizini na chakula kimeliwa, anavuta kaunta buku lililobaki na kurasa tupu tangu amalize kidato cha nne, anawasha taa ya sola, anaandika. Huenda ni shairi. Huenda ni hadithi ya binti aliyetolewa shule ili aolewe, au ya ndugu wawili wanaogombania shamba la marehemu baba yao. Anaandika kwa Kiswahili, ingawa mama yake humwita kula kwa Kiiraqw.

Si Gehandu peke yake. Vijana wenye kalamu wamo katika makanisa mengi, na mara nyingi mzee wa kanisa hana habari nao. Hana habari kwa sababu kijana anaficha. Anaficha kwa sababu amesikia, pengine mimbarani, kwamba hadithi ni uongo, na kwamba Mwadventista hasomi riwaya, sembuse kuiandika.

Kijana wa namna hiyo huona milango miwili tu. Achome kaunta buku ili abaki kanisani, au abaki nalo na taratibu aache kuja kanisani. Wapo waliopita mlango wa pili, nao hawakuondoka kwa kelele. Siku moja tu nafasi yao katika benchi ilikuwa wazi, na watu wakadhani wamekwenda Arusha kutafuta kazi. Somo la juma hili linauliza kama Biblia inaijua milango hiyo miwili peke yake.

Jifunze somo hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Mtume Aliyeomba Vitabu

Soma 2 Timotheo 4:9-13. Paulo yuko katika hali gani, na anaomba aletewe nini?

Paulo yuko kifungoni. Anajua kwamba wakati wake wa kufariki umekaribia, wengi wamemwacha, na majira ya baridi yanakuja. Anaomba joho alilomwachia Karpo kule Troa, na pamoja na joho anaomba vitabu. Ni vitabu gani, Biblia haisemi, wala si kazi ya mwalimu wa darasa kubuni orodha. Linalotosha ni kwamba mtu aliyekuwa akisubiri hukumu ya kifo bado alitaka kusoma.

Alikuwa msomaji tangu zamani. Alipohubiri Athene aliwakumbusha wasikilizaji wake maneno ya washairi wao wenyewe (Matendo 17:28), na mtu hawezi kukumbuka asichokisoma au kukisikia kwa makini. Kabla yake, Danieli na wenzake watatu walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo. Walikataa chakula cha mfalme, hawakukataa darasa. Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa maarifa na ujuzi katika masomo hayo (Danieli 1:17).

Tanzania ina mfano wa karibu. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na Dodoma, katika jamii ya Wagogo. Kiswahili hakikuwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Alikuwa Mkristo wa Kanisa Katoliki, akafanya kazi serikalini hadi kuwa hakimu, na alipofariki mwaka 1969 alihesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa wa Kiswahili. Kati ya kazi zake zimo Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Utenzi ni bahari ya ushairi iliyolelewa pwani, katika nyumba za Waislamu: ubeti wa mishororo 4, kila mshororo mizani 8, mishororo 3 ya kwanza ikifanana vina, na wa nne ukishika kina kimoja tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu wa Ugogo hafiki huko kwa kipaji tu. Anafika kwa kusoma na kusikiliza kazi za watu wa pwani muda mrefu, wengi wao wa dini nyingine, mpaka sikio lake lizoee. Mnyampala alijifunza chombo chao, kisha akapakia ndani yake Injili na Zaburi. Waadventista hawakubaliani na kanisa lake katika mafundisho kadhaa, na hilo halina haja ya kufichwa. Lakini katika bidii ya kusoma kabla ya kuandika, kijana wa Gehandu atakuwa na mengi ya kujifunza kwake.

Kijana huyo pia ana urithi wa nyumbani. Wairaqw wana slufay, maneno ya baraka na maombi yanayotamkwa na mzee mbele ya watu, nao wanaosikiliza huitikia pamoja naye. Mzee wa slufay hasemi ovyo. Neno lina mahali pake, na mwitikio una mahali pake. Si kila kilichomo katika desturi hiyo kinaweza kuingia katika ibada ya Kikristo, maana mengine huelekezwa kwa wasiostahili kuombwa. Hata hivyo kijana aliyekua akisikia maneno yakipimwa kwa namna hiyo ameshapata darasa la kwanza la uandishi kabla hajashika penseli.

Shida ya leo si uchache wa vitabu peke yake. Kijana mwenye Biblia, Nyimbo za Kristo, lesoni na vitabu viwili vya shule anaweza kuvisoma mara 10 na kunufaika. Simu yake, kwa upande mwingine, inamletea hadithi za vipande vipande, kila kipande kikikatwa mahali pa utamu ili alipie kinachofuata. Anasoma sana na hakumbuki kitu.

Kitabu gani, mbali na Biblia, umekisoma zaidi ya mara moja? Kilikufanya nini?

JUMATATU
Hadithi Iliyomshika Mfalme

Soma Waamuzi 9:7-15. Kwa nini Yothamu alisimulia habari za miti badala ya kusema moja kwa moja?

Miti haijawahi kukutana kuchagua mfalme. Yothamu alijua hivyo, na watu wa Shekemu waliomsikiliza chini ya Mlima Gerizimu walijua hivyo. Hakuna aliyemwita mwongo. Uongo ni kumfanya mtu aamini kisichokuwapo. Yothamu alitaka waone kilichokuwapo mbele ya macho yao, yaani kwamba walikuwa wamempa mti wa miiba utawala. Alipomaliza kusema akakimbia, naye alifanya vizuri kukimbia.

Soma 2 Samweli 12:1-13. Ni mambo gani madogo ambayo Nathani aliyatia katika hadithi yake, na yalifanya kazi gani?

Nathani angeweza kusema kwamba tajiri alimnyang'anya maskini kondoo. Hakusema hivyo tu. Alieleza kwamba kondoo huyo alikuwa mmoja, mdogo, wa kike. Kwamba maskini alimnunua na kumlea. Kwamba alikula chakula cha bwana wake, akanywa katika kikombe chake, akalala kifuani pake. Wafugaji wa Mbulu na Hanang hawahitaji kuelezwa maana ya mambo hayo. Daudi naye alikuwa mchungaji. Mfalme aliyekwisha kuifunga dhamiri yake kwa miezi mingi alifunguliwa na kondoo mmoja, akatoa hukumu kwa hasira, ndipo nabii akamwonyesha kwamba mtu yule ni yeye.

Hadithi nzima ni mafungu 4. Tena Nathani hakuhubiri ndani ya hadithi. Hili linahitaji kusemwa wazi kwa sababu hadithi nyingi za Kikristo zinazoandikwa na vijana huharibikia hapo: mhusika mwovu anapata ugonjwa katika ukurasa wa mwisho, mchungaji anatokea, anahutubia kurasa tatu, watu wote wanaongoka. Mwandishi wa namna hiyo hamwamini msomaji wake, na pengine hamwamini Roho Mtakatifu. Marafiki wa Ayubu nao walijua kupanga hadithi ambamo kila mgonjwa amestahili, na Mungu akawakemea.

Bwana Yesu alipomaliza habari ya mwana mpotevu alimwacha kaka yake mkubwa nje, baba akimsihi. Aliingia au hakuingia? Luka 15 haisemi. Mafarisayo waliokuwa wakisikiliza walipaswa kujibu wenyewe.

JUMANNE
Onyo Lisilopunguzwa

Yako mashauri ya Ellen G. White kuhusu hadithi za kubuni, nayo ni makali. Mwalimu akiyaficha ili kumfurahisha kijana, atakuwa amemdanganya. Kijana atayakuta mwenyewe siku moja na kujiona amesalitiwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, Ellen White hakuishia kukataza riwaya chafu. Alisema kwamba hata hadithi za kubuni zisizo na uchafu, hata zile zilizokusudiwa kufundisha mema, huleta madhara. Alizifananisha hadithi hizo na kileo kwa namna zinavyomtawala msomaji.

Maneno hayo hayawezi kupunguzwa. Yanaweza kueleweka, na njia ya kuyaelewa ni kutazama sababu alizotoa. Alisema kwamba msomaji huzoea kusoma haraka haraka, akitafuta mkasa tu. Nguvu ya kufikiri na kukumbuka hudhoofika. Mwisho, kazi za kila siku huonekana hazina ladha, na Biblia nayo huonekana haina ladha. Katika kitabu cha Elimu, cha mwaka 1903, alilalamikia wingi wa machapisho unaowazoeza wakubwa kwa wadogo kusoma juu juu. Hakuwa ameona simu ya mkononi.

Sasa itazamwe historia yake upande wa pili. Katika kitabu chake cha pambano kuu kati ya Kristo na Shetani, Ellen White alimtaja John Bunyan kwa heshima. Bunyan alifungwa katika gereza la Bedford, Uingereza, kuanzia mwaka 1660 kwa miaka 12 hivi kwa sababu ya kuhubiri, na mwaka 1678 akachapisha kitabu ambacho Waswahili wanakijua kama Safari ya Msafiri. Kila mtu katika kitabu hicho ni wa kubuni. Mkristo anayebeba mzigo mgongoni hakuishi katika kijiji chochote. Na Ellen White hakukihesabu miongoni mwa vitabu vya kutupwa. Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe alikusanya hadithi kutoka katika magazeti mbalimbali ya wakati wake, akachagua zilizofaa, nazo zikaanza kuchapishwa katika miaka ya 1870 ili zisomwe nyumbani siku ya Sabato. Hazikuwa zote taarifa za mambo yaliyotokea.

Je, alijipinga? Hapana. Mtu anayepima jambo kwa matunda yake anaweza kukikataa kikapu na bado akachukua kutoka ndani yake tunda zima. Jambo alilolipiga vita ni lile linalomfanya msomaji akimbie maisha yake: mke ambaye jikoni kunamchosha kwa sababu wa kwenye hadithi hapiki, kijana ambaye kulima kwa baba yake kunamtia aibu. Hadithi ya Nathani ilimrudisha Daudi nyumbani kwake, kwa Bathsheba na kwa kaburi la Uria, mahali ambapo hakutaka kwenda.

Kwa hiyo kijana wa Gehandu asiulizwe kwanza kama alichoandika kilitokea. Aulizwe: msomaji akifunga kaunta buku lako, atakuwa amesogea karibu na jirani yake, na kazi yake, na Mungu wake, au amesogezwa mbali? Swali hili ni gumu kuliko katazo. Katazo hujibiwa mara moja. Swali hili hurudi kwa kila ukurasa. Na liko jibu ambalo kijana mnyofu atalazimika kulitoa mara nyingine, kwamba ukurasa huu umesogeza mbali. Basi ukurasa huo na uondoke, hata ukiwa ndio mtamu kuliko yote.

Mzee wa kanisa naye ana la kujibu. Kama hajasoma hata ukurasa mmoja wa kijana, ameukataa kwa kitu gani?

JUMATANO
Mwandishi Aliyekatazwa Makuu

Soma Yeremia 36. Gombo lilisomwa mara ngapi, na kila mara wasikilizaji walifanya nini?

Baruku mwana wa Neria ndiye kijitabu kidogo cha maisha ya mwandishi katika Biblia. Yeremia alisema, Baruku aliandika kwa wino. Alilisoma gombo hekaluni mbele ya watu, akalisoma tena mbele ya wakuu, nao wakaogopa. Kisha likapelekwa kwa mfalme Yehoyakimu, aliyekuwa akiota moto katika nyumba yake ya majira ya baridi. Kila kurasa tatu au nne zilipokwisha kusomwa, mfalme alizikata kwa kijembe na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea.

Kazi ya miezi iliisha katika jioni moja. Yeyote ambaye mzazi amewahi kumchomea daftari jikoni anaijua harufu hiyo. Lakini fungu la 26 linapaswa kusomwa taratibu: Bwana aliwaficha Baruku na Yeremia. Gombo hakuliokoa. Aliwaokoa watu. Kisha akaagiza gombo jingine, likaandikwa tena kwa mkono ule ule, na maneno mengine mengi yaliyofanana na yale yakaongezwa.

Soma Yeremia 45. Baruku alikuwa analalamikia nini? Mungu alimwambia nini?

Sura hii ina mafungu 5 tu, na ni ya Baruku peke yake. Ameugua, amechoka, hapati raha. Mungu hakumdharau, alimtumia ujumbe kwa jina lake. Kisha akamgusa panapouma: Baruku alikuwa akijitafutia makuu. Mungu akamwambia asiyatafute. Alimwahidi jambo moja, uhai wake, popote atakapokwenda.

Huenda Baruku alitaka cheo cha uandishi katika jumba la mfalme. Kazi ya ukarani ingeweza kumfikisha huko. Siku hizi makuu ni mengine. Ni jina kwenye jalada, ni idadi ya watu waliopenda shairi kwenye simu kabla jua halijazama. Kijana anayeandika ili ahesabiwe ataanza kuandika kile kinachohesabika.

Lesoni unayoishika ilianza bila makuu. Mwaka 1852 James White, mwenye umri wa miaka 31 hivi, alikuwa safarini kwa gari la farasi. Aliposimama kando ya njia kumlisha farasi na kula chakula cha mchana, alitoa karatasi akaandika masomo ya kwanza ya Shule ya Sabato kwa ajili ya gazeti jipya la vijana. Meza hakuwa nayo.

ALHAMISI
Mlima Ulipoporomoka

Soma Luka 1:1-4. Luka alifanya kazi gani kabla ya kuandika?

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji jirani, Gendabi kikiwamo. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba zilifukiwa na familia zilitawanyika. Siku zile zile ilivuma habari kwamba volkano imelipuka, na Serikali ikaeleza kwamba haikuwa volkano, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilifyonza maji ikameguka.

Kijana wa Mbulu anayeandika hawezi kulikwepa jambo kama hili. Ni la wilaya jirani, na wengine walipoteza ndugu huko. Lakini hapa sheria si ile ya Jumatatu. Nathani alibuni tajiri na maskini wasio na jina. Anayeandika habari za Katesh anaandika juu ya marehemu wenye majina, ambao mama zao bado wako hai na watasoma, au watasomewa. Akimtungia marehemu maneno ya mwisho ambayo hakuna aliyeyasikia, akamweka mama akiomba sala ambayo hakuiomba, kisha akasema kwamba ndivyo ilivyokuwa, amevunja amri ya tisa, hata kama sala yenyewe ni nzuri na imewatoa watu machozi. Ushuhuda wa uongo unaomsifu Mungu bado ni ushuhuda wa uongo. Luka alijitafutia habari kwa usahihi kutoka kwa walioona kwa macho, akazipanga. Akitaka kubuni, kijana abadili mahali na watu na aseme wazi kwamba amebuni. Katikati ya hayo mawili hakuna uwanja wa Mkristo kusimama.

Lipo kosa jingine, baya zaidi, na linaonekana la kiroho. Ni kuandika kwamba waliokufa waliadhibiwa. Soma Luka 13:1-5. Watu 18 waliangukiwa na mnara huko Siloamu, na Yesu alikataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Wito wa toba aliwapa walio hai waliokuwa wakiuliza. Mhubiri au mshairi anayepanda juu ya tope la watu wengine ili aseme kwa sauti kubwa ajue amesimama upande gani wa mazungumzo hayo.

Kijana afanye nini basi? Awaendee waliookoka, ikiwa wako tayari. Asikilize kabla ya kuuliza. Aandike mambo madogo ya kweli: nani alichimba kwa jembe, nani alipika uji kwa ajili ya watoto waliohifadhiwa shuleni, ibada ya Sabato iliyofuata ilikuwaje. Mahali ambapo aliyeokoka ananyamaza, ukurasa nao unyamaze. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na Roho Mtakatifu aliiacha hivyo katika Maandiko.

Je, umewahi kusikia ushuhuda kanisani ambao uliongezwa chumvi? Ulikufanyia nini baada ya kugundua?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Miongoni mwa waandishi wa kwanza wa Waadventista alikuwamo binti, Annie Smith, aliyezaliwa mwaka 1828 huko New Hampshire, Marekani. Alisomea ualimu na uchoraji, akaandikia magazeti ya nje ya kanisa, na akapoa katika imani. Mwaka 1851, kwa ombi la mama yake, alihudhuria mkutano uliohubiriwa na Joseph Bates, akaupokea ujumbe wa Sabato. Majuma machache baadaye alituma shairi katika gazeti la waumini. James White alipolisoma alimwandikia aje amsaidie kazi ya uhariri. Annie alijibu kwamba macho yake ni mabovu. White akamwambia aje hivyo hivyo. Alikwenda, akaombewa, macho yakapata nafuu, naye akaingia kazini.

Kazi hiyo haikuwa ya sifa. Alisahihisha maandishi ya wengine, siku baada ya siku, na mashairi yake aliyapenyeza katikati. Baada ya miaka michache kifua kikuu kilimpata. Alirudi nyumbani kwa mama yake, na katika miezi ya mwisho akawa anakamilisha shairi refu. Mdogo wake Uriah alichonga ua kwenye kipande cha mti kwa ajili ya kulipamba chapisho hilo. Annie alikufa Julai 1855, akiwa na miaka 27. Uriah Smith aliendelea na kazi ya gazeti kwa muda mrefu wa maisha yake. Nyimbo 3 za Annie zimo katika kitabu cha nyimbo cha Kiingereza cha kanisa cha mwaka 1985, na wengi wanaoziimba hawajui ziliandikwa na nani.

Inafaa kukumbuka kwamba kabla ya kumwita, James White alikuwa na shairi lake mkononi. Alikuwa amelisoma.

Maswali ya Kujadili:

1. Gombo la Baruku lilisomwa hadharani kabla ya kufika kwa mfalme. Katika kanisa lenu, ni nani anaweza kusoma alichoandika kijana, akamweleza kwa upendo palipo sawa na pasipo sawa? Ikiwa hayupo, darasa lifanye nini katika robo hii?

2. Mshiriki mmoja anasema, "Ellen White alikataza hadithi, basi mjadala umekwisha." Mwingine anasema, "Ilikuwa ya wakati wake, haituhusu." Kila mmoja ameacha nini? Pimeni majibu yenu kwa sababu zilizotajwa Jumanne.

3. Linganisheni 2 Samweli 12:1-4 na Luka 1:1-4. Ni wakati gani mwandishi Mkristo anaruhusiwa kubuni, na ni wakati gani haruhusiwi? Toeni mifano ya kwenu, bila kutaja majina ya watu wa kanisani.

4. Mzazi amekuta kaunta buku la binti yake, na ndani yake kuna hadithi kuhusu baba anayepiga. Asome kama mzazi, kama Mkristo, au kama msomaji? Aanze kwa kusema nini?